Rambo na Braddock: acheni kuiruka ile ya kwanza

Mnisamehe kwa ukimya. Nilitumwa Ngara kuandika habari ya foleni ya malori mpakani, gari nililopanda likafia njiani, nikajikuta nalala Benaco siku mbili ambazo mhasibu hakuzipangia posho. Habari ya malori nimeshampa mhariri. Hii ya leo najua hawezi kuichapa, kwa hiyo isomeni hapa.

Kwa wasiopajua, Benaco iko kata ya Kasulo, wilaya ya Ngara, pale barabara inapogawanyika. Moja inakwenda Rusumo kuingia Rwanda, nyingine inakwenda Ngara mjini hadi Kabanga kuingia Burundi. Jina lenyewe si la kwetu, ni la kampuni ya Waitaliano waliokuja kujenga barabara wakaweka kambi yao hapo. Malori yanayotoka Dar kwenda Kigali, Bujumbura na Kongo hulala pale. Na wanapolala madereva lazima pawe na chipsi, bia na kibanda umiza.

Usiku wa kwanza nikafuata kelele. Kiingilio mia tano, mabenchi ya mbao, televisheni moja na spika kubwa kuliko televisheni. Ubishi ulikuwa umepamba moto kabla picha haijaanza. Swali lilikuwa moja tu: kati ya Rambo tatu za mwanzo na Missing in Action zote tatu, zipi ni kali zaidi?

Kwa vijana wenzangu mliokulia kwenye tamthilia za Kikorea, niwakumbushe. Rambo ni Sylvester Stallone: First Blood ya 1982, ya pili ya 1985 na ya tatu ya 1988. Zilikuja nyingine mwaka 2008 na 2019, lakini wabishi wa Benaco hawazihesabu, wanasema hizo ni za mzee aliyepaswa kuchukua kiinua mgongo. Missing in Action ni Chuck Norris akiigiza Kanali James Braddock: 1984, 1985 na 1988. Zote hizi mimi sijazaliwa. Kibandani zinaonyeshwa zikiwa zimetiwa Kiswahili juu, kwa mtindo ule uliotupa kina Lufufu hapa kwetu, DJ Afro kule Kenya na VJ Jingo kwa Waganda, ambapo mtafsiri akiona maneno ya mwenye picha hayanogi anaweka ya kwake.

Upande wa Rambo msemaji alikuwa utingo mmoja mwembamba mwenye sauti ya kondakta. Hoja yake ya kwanza ilikuwa hesabu ya maiti, ya pili ilikuwa mfuko. "Mzee," akamwambia dereva mmoja mtu mzima, "umewahi kutumwa dukani ukaambiwa urudi na braddock?" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Ni kweli, mfuko wa plastiki Tanzania nzima tuliuita rambo, na hata serikali ilipoupiga marufuku tarehe 1 Juni 2019 jina halikufa.

Yule dereva hakutetereka. "Mdogo wangu, Braddock ndiye aliyetangulia kurudi Vietnam kuwatoa mateka. Rambo alikuja baadaye."

Kwa tarehe, mzee yuko sahihi. Missing in Action ya kwanza ilitoka Novemba 1984, na Rambo ya pili, yenye kisa hichohicho cha kurudi Vietnam kutafuta mateka, ilitoka Mei 1985. Ila kuna jambo ambalo hakulisema. Wazo la Rambo ya pili, lililoandikwa na James Cameron, lilikuwa likizunguka Hollywood tangu 1983, na wanaoandika historia ya sinema wanasema kampuni ya Cannon ya kina Menahem Golan na Yoram Globus ililiokota huko ikawahi sokoni. Tena Cannon walitengeneza mbili kwa mpigo, wakaona ile ya pili imetoka vizuri kuliko ya kwanza, wakaitoa ya pili mwanzo. Ya kwanza wakaibandika namba mbili na kuiita "Mwanzo". Sasa jamani, mfululizo wa picha tatu ambao mwanzo wake ni kiporo, mnautetea kwa nguvu zote hizo?

Lakini mzee alikuwa na hoja nyingine, na hii ilinyamazisha kibanda. Alisema Rambo wa pili anatumwa na serikali, ila Braddock wa tatu anamfuata mke wake na mtoto wake, serikali yake yenyewe ikimkataza, na anaishia kuvusha kundi la watoto yatima hadi Thailand. "Mwanamume gani hapa hawezi kumuelewa?" Nakiri sikuwa na jibu la haraka. Na msidhani kwa Norris lilikuwa igizo tupu: mdogo wake, Wieland, aliuawa Vietnam mwaka 1970.

Basi ikapigwa kura ya kelele, Rambo akashinda. Mwenye kibanda akashika rimoti. Hapo utingo akasema: "Ila ile ya kwanza iruke, bosi. Haina vita. Jamaa mwenyewe mwishoni analia." Na dereva, ambaye dakika ishirini nzima hakukubaliana naye hata kwa neno moja, akasema: "Hapo umenena." Wote wakaitikia. Ikawekwa ya pili.

Ugomvi wangu ndio unaanzia hapo. Mimi niko upande wa Rambo, na nipo huko kwa sababu ya ile picha moja mnayoiruka. Iondoeni First Blood, zinabaki picha tano ambazo ni picha moja. Mtu mmoja asiyepigwa risasi, adui asiye na jina, helikopta, moto, steringi hafi. Ukichanganya vipande vya Rambo ya pili na Missing in Action ya kwanza, utingo wetu atagundua kwa misuli tu.

Na kile kisa cha mateka wanachogombania, kipimeni. Baada ya makubaliano ya Paris ya 1973, mateka 591 wa Kimarekani walirudishwa kwao. Kamati maalumu ya Seneti ya Marekani ikachunguza suala la waliosalia, na Januari 1993 ikatoa ripoti kwamba haikupata ushahidi wa kuridhisha kuwa kuna Mmarekani aliyebaki hai kifungoni kule. Kwa hiyo Rambo na Braddock walikwenda kuokoa watu ambao hakuna aliyethibitisha kuwa wapo, na njiani wakafyeka Wavietnam waliokuwa kwao. Rambo wa tatu naye alikwenda Afghanistan kuwapiga Warusi, picha ikatoka Mei 1988, mwezi uleule majeshi ya Kisovieti yalipoanza kufungasha virago.

Sasa tazameni First Blood bila kukimbiza. Mwanajeshi aliyerudi vitani anatembea kwa miguu kumtafuta rafiki yake wa jeshini. Anaambiwa rafiki amekufa kwa saratani iliyotokana na sumu iliyomwagwa Vietnam. Anaendelea na safari, anaingia mji mdogo, begi begani. Hana kosa. Mkuu wa polisi wa mji, Teasle, hapendi sura yake. Anampakia kwenye gari, anamvusha daraja la mwisho wa mji, anamshusha na kumwonyesha njia ya kwenda kwingine. Rambo anasimama kidogo, anageuka, anaanza kurudi kwa kulivuka daraja lilelile. Vita vyote vya picha ile vinaanzia hapo. Na katika picha nzima, anayeonekana akifa ni askari mmoja tu, yule anayedondoka kutoka kwenye helikopta. Mwishoni steringi anamlilia kamanda wake wa zamani, Trautman, kwamba vitani aliaminiwa vifaa vya mamilioni na nyumbani hapati hata kazi ya kuegesha magari. Kwenye riwaya ya David Morrell ya 1972, ambako picha ilitoka, Rambo anakufa kabisa. Hata kwenye picha walirekodi mwisho wa namna hiyo, watazamaji wa majaribio wakaukataa, ukabadilishwa.

Mtu wa Masaki akiniambia picha hii haina vita, nitamwelewa. Mtu wa Benaco simwelewi.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufika robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja. Walikuja kwa miguu, na magodoro, masufuria na watoto. Wakawekwa Benaco, na kwa muda mfupi hapo pakawa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Wenyeji wa Ngara ndio waliokuwa wamesimama ng'ambo ya daraja, mahali pa Teasle, wakitazama wageni wanaingia kwenye mji wao mdogo. Hawakuwarudisha darajani. Waligawana nao maji, kuni na vilima, mpaka vilima vikabaki vipara. Kisha Desemba 1996 serikali na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa wakatangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengi wakajaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, jeshi likawageuza, wakavuka tena daraja lilelile kurudi. Kwa hiyo Ngara imewahi kupokea mgeni, na imewahi kumwonyesha mgeni njia ya kuondokea.

Na katika lile kundi, steringi alikuwa nani na adui nani? Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa wilaya ya Rusumo upande wa Rwanda, alivuka na watu wake akaishi Benaco kama mkimbizi. Baadaye mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, yakiwemo yale ya kanisani Nyarubuye. Mwaka 2004 alipewa miaka 30, na mwaka 2006 rufaa ikaipandisha kuwa kifungo cha maisha. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa meya wa Murambi, naye alikuwa pale. Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa kambini zikazuka ghasia. Watu hawa walikaa kambi moja na watoto na akina mama wasiomgusa mtu. Mleteni Braddock na bunduki yake pale kwenye foleni ya mahindi, mniambie ampige nani.

Najua mtakachonijibu. Kwanza mtasema dereva aliyetoka Dar, mgongo unauma, kesho ana foleni ya Rusumo, anataka burudani, hakuja darasani. Sawa. Sijasema mzichome zile tano, hata mimi nilibaki hadi mwisho na nikapiga makofi helikopta ilipolipuka. Nimesema msiseme ile ya kwanza haina vita.

Pili, mjanja mmoja atasema First Blood nayo inamlilia Mmarekani tu. Wavietnam waliokufa kwa mamilioni hawamo, ila kwenye ndoto za steringi. Hiyo ni kweli na ni kasoro kubwa, siitetei. Ila katika picha zote sita, hiyo ndiyo pekee ambayo inauliza nini kinamtokea mtu vita vikishakwisha. Nyingine zikimaliza risasi zinaandika majina ya waigizaji.

Na swali hilo halihitaji kwenda Marekani. Nje ya kibanda kuna mzee anayelinda malori, koti refu, tochi na rungu. Alikwenda na jeshi hadi Uganda mwaka 1979, baada ya Amin kuuvamia mkoa huu huu wa Kagera. Nilimuuliza kama huwa anaingia kutazama. Akasema hapana, zile kelele zinamsumbua, zikianza yeye huhamia upande wa pili wa maegesho. Kila usiku vijana hamsini wanashangilia vita mita thelathini kutoka kwa mtu aliyekwenda vitani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza ilikuwaje. Mimi nilimuuliza. Aliniambia kidogo, na hayo kidogo aliniomba nisiyaandike.

Usiku wa pili nilimfuata mwenye kibanda. Nikamwambia nitamlipa viingilio vya watu ishirini, aweke First Blood yote, na pale mwishoni jamaa anapolia asiguse rimoti. Alinitazama kama mtu niliyeomba aweke hotuba ya bajeti. "Mwandishi," akasema, "hela yako nzuri, lakini hao watu wakitoka leo, kesho wataenda kibanda cha jirani. Utaniulia biashara." Akaweka Braddock wa tatu. Dereva wangu alikuwa mstari wa mbele.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Rambo anashinda, kwa picha moja kwa sufuri. Mbili zake zilizobaki na tatu za Braddock zinatoka sare, na sare hiyo haina pointi. Mtu wa Ngara, Biharamulo au popote barabara ile inapopita akitaka kunipinga, kwanza aitazame First Blood mpaka majina ya mwisho, asiruke hata dakika moja. Akimaliza tubishane.

Naomba kuwasilisha.