Mkimbiaji Asiifanye Saa Kuwa Mizani

Mkulima wa Mpui hahitaji kufundishwa madhara ya kipimo kibovu. Kwa miaka mingi ameliona gunia la lumbesa likishindiliwa na kuongezwa kilemba juu ya mdomo wake, kisha likalipwa bei ya gunia moja tu, na jasho la msimu mzima likaenda na kilo zisizohesabiwa. Ndiyo sababu Serikali ikaipiga marufuku lumbesa na kuhimiza mazao yauzwe kwa mizani. Na ndiyo sababu, kwa upande wa Bara, Wakala wa Vipimo huikagua mizani ya biashara na kuitia alama. Kipimo kisichokaguliwa ni mlango wa dhuluma, hata kama aliyekishika hakukusudia kumdhulumu mtu.

Leo twapenda kuizungumzia lumbesa ya namna nyingine, isiyobebwa mgongoni bali ivaliwayo mkononi. Tunakusudia zile saa za mazoezi ambazo kila mbio zimalizikapo humwambia mwenyewe kwamba ametumia kalori kadhaa wa kadhaa. Vijana wengi huipokea tarakimu hiyo kama hukumu. Wako wanaopunguza chakula kwa sababu saa imesema kidogo, na wako wanaoongeza kwa sababu saa imesema kingi. Swali letu ni moja: je, mkimbiaji aiamini?

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza Mpui inahusu nini katika shauri hili. Mpui iko katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, kando ya barabara itokayo Sumbawanga kwenda Tunduma. Uwanda huo una mwinuko wa mita 1,500 hadi zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali kisiwa chote cha Unguja hakina kilima kinachofika mita 130. Basi mkimbiaji wa visiwani akipanda Ufipa kwa kazi au kwa mazoezi, saa yake hupanda naye, lakini hapo ndipo udhaifu wake unapodhihirika.

Kwanza tufahamu saa huipataje tarakimu yake. Kipimo cha haki cha nishati hupatikana katika maabara. Mkimbiaji huvishwa barakoa, na hewa anayoivuta na kuitoa hupimwa, kwa kuwa kila lita ya oksijeni inayotumika mwilini huambatana na takriban kalori 5. Kalori tunazozitaja humu ni zile za vyakula, ambazo wataalamu huziita kilokalori.

Saa haina barakoa. Chini yake mna taa ndogo, aghalabu za kijani, zinazomulika ngozi. Mwanga unaorudi hubadilika kadiri damu inavyopita, na kwa njia hiyo saa huhesabu mapigo ya moyo. Ndani yake mna pia chombo kinachohisi mtikisiko wa mkono, na katika nyingi mna kipokezi cha ishara za setilaiti kinachokadiria umbali. Saa huchukua hayo yote, ikayachanganya na umri, uzito, urefu na jinsia alivyoandikisha mwenyewe, ikayapitisha katika kanuni ambayo kiwanda aghalabu hakiitangazi, ndipo ikatoa jawabu. Jawabu hilo si kipimo, bali ni makisio. Na kama mwenye saa alijiandikia kilo 60 miaka mitatu iliyopita naye leo ana 72, makisio hayo yamejengwa juu ya uwongo tangu msingi.

Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kuvijaribu vyombo 7 vya aina hiyo kwa watu 60, wanawake 31 na wanaume 29, waliotembea, waliokimbia na walioendesha baiskeli. Kwa mapigo ya moyo vyombo vingi vilifanya vyema: katika zoezi la baiskeli, 6 kati ya 7 vilikuwa na kosa la chini ya asilimia 5. Lakini kwa upande wa nishati, chombo kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na kilichokuwa dhaifu kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 93. Hakuna hata kimoja kilichopata kosa la chini ya asilimia 20. Tena watafiti hao waliona kwamba makosa yalikuwa makubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi zaidi na kwa wenye miili mizito. Msomaji wetu asilipite jambo hili upesi, maana ngozi inayozungumzwa hapo ndiyo yetu.

Atatokea mtu aseme kwamba saa za miaka ya baadaye zimeboreshwa. Hatukatai; viwanda havikulala. Lakini taa iliyo bora huboresha hesabu ya mapigo, wala haiigeuzi hesabu hiyo kuwa barakoa ya maabara. Njia ya kutoka kwenye mapigo hadi kwenye kalori ingali ya kukisia.

Tuchukue mfano. Wataalamu wa mwendo wa binadamu wamejua kwa muda mrefu kwamba kukimbia katika njia tambarare humgharimu mtu takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili wake katika kila kilomita. Kijana wa kilo 60 akikimbia kilomita 10 atakuwa ametumia kiasi cha kalori 600. Kwa kosa la asilimia 27, saa yaweza kumwambia 438 au 762. Kwa kosa la asilimia 93, yaweza kumwambia 1,158, karibu maradufu ya kazi aliyoifanya. Akikimbia siku 6 kwa juma, lile kosa dogo peke yake linakuwa kalori 972, zaidi ya mbio moja na nusu ambazo ama hazikukimbiwa ama hazikuliwa chakula chake.

Sasa tumchukue kijana huyo kutoka Makunduchi hadi Mpui. Katika mwinuko wa mita 1,800 mgandamizo wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 20, na kila pumzi huja na oksijeni pungufu kwa kadiri hiyo. Moyo hauna budi kupiga kasi zaidi ili kazi ileile ifanyike, hasa katika majuma ya kwanza kabla mwili haujazoea. Kilomita zake ni zilezile, mwendo wake ni uleule, na mzigo wa kilo 60 anaoubeba haukubadilika. Lakini saa inayosikiliza moyo huona mapigo yamezidi, ikadhani kazi imezidi.

Wala wa visiwani wasidhani kwamba kubaki pwani ni salama. Joto na unyevu wa hewa hufanya vivyo hivyo. Anayekimbia jua la saa tisa alasiri moyo wake hupanda hatua kwa hatua kwa sababu ya kuupoza mwili na kupotewa na maji, ingawa mwendo haukuongezeka. Kwa hiyo saa huweza kudanganyika Mpui kwa mwinuko, na Unguja kwa fukuto. Mnada wa gunia hauwezi kuendeshwa kwa mizani inayobadilika kila inapohamishwa soko. Vipi mwili wa mtu uendeshwe nayo?

Madhara yake yako ya namna mbili. Wa kwanza ni yule anayekimbia ili apunguze uzito. Saa imemwambia ametumia kalori 1,000. Naye kwa furaha akajilipa kwa sahani ya urojo na chapati mbili, kisha baada ya miezi mitatu akashangaa mizani haikushuka, akakata tamaa na kuacha mazoezi. Wa pili, ambaye ndiye anayetutia wasiwasi zaidi, ni kijana wa mashindano anayekula kidogo kuliko kazi yake kwa kuwa saa ilimpunja. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko mwaka 2014, ikalipitia tena mwaka 2018 na mwaka 2023, kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo. Mifupa hudhoofika na kuvunjika kwa mpasuko mdogo mdogo, wasichana hukosa hedhi, kinga ya mwili hushuka, na kasi iliyotafutwa kwa njaa hupotea kwa njaa hiyohiyo.

Mkoa wa Rukwa wenyewe una funzo katika jambo hili. Ni mkoa wa mahindi, maharage na ulezi, uliolisha mikoa mingine tangu zamani. Hata hivyo uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban nusu ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ghala limejaa, na mtoto amedumaa. Sababu za udumavu ni nyingi, lakini moja ni kwamba tumbo kujaa si sawa na mwili kulishwa. Anayeuhesabu mlo kwa kalori peke yake, iwe nyumbani au uwanjani, amehesabu nusu ya jambo.

Tusifahamike vibaya. Sisi si wapinzani wa sayansi, wala hatumwiti mtu kuivua saa yake. Saa ina kazi zake: kumpimia muda, kumkadiria umbali, kumwonyesha mapigo yake ya leo yakilinganishwa na ya mwezi uliopita. Kama imemfanya karani aliyekaa kitini mchana kutwa ainuke akakimbie Maisara, imemfaa. Twasema tu kwamba asiiulize lile isilolijua. Filbert Bayi alipoivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, hapakuwapo saa ya mkononi ya kumhesabia kalori. Lakini hatusemi alishinda kwa kukosa saa. Twasema kwamba mwili una ushahidi wake, na aliyezoea kuusikiliza hapungukiwi na kitu.

Ushahidi huo ni rahisi na hauna gharama kubwa. Mkimbiaji ajipime kwa mizani mara moja kwa juma, asubuhi kabla ya kula, na aangalie mwelekeo wa majuma manne, si wa siku moja. Aangalie usingizi wake, hamu yake ya kula na rangi ya mkojo wake. Na msichana asiipuuze hedhi iliyokatika. Akitaka hesabu, azidishe kilo zake kwa kilomita alizokimbia, akijua kwamba milima huongeza. Kwa njia tambarare, hesabu hiyo ya penseli yaweza kumfaa kuliko kioo cha saa ya bei kubwa. Tena asisahau kwamba baadhi ya saa hujumlisha hata nishati ambayo mwili ungetumia kwa kukaa tu, karibu kalori 1 kwa kila kilo kwa saa. Asije akaihesabu mara mbili.

Kwa viongozi tuna mambo matatu. La kwanza, posho ya chakula katika kambi za vijana, iwe Unguja, Pemba au nyanda za juu, isipangwe kwa tarakimu za saa. Ipangwe na mtaalamu wa lishe kwa uzito, umri na ratiba ya mazoezi. La pili, mashindano ya siha katika maofisi yasitolewe zawadi kwa kalori zilizoonyeshwa na saa, maana hapo tutakuwa tunamtuza mwenye saa yenye makosa makubwa zaidi. La tatu, kijana asikaripiwe wala asiachwe katika timu kwa sababu saa imedai hakufanya kazi ya kutosha. Mwalimu wa michezo aliyemwona akikimbia ni shahidi bora.

Mkulima wa Mpui alipotaka haki hakudai mizani itupwe. Alidai mizani ipimwe. Nasi twadai hivyo hivyo: saa na ivaliwe, lakini tarakimu yake ya kalori ichukuliwe kama uvumi wa sokoni, unaosikilizwa kwa sikio moja na kuthibitishwa kabla ya kutoa fedha. Hapa inayotolewa si fedha. Ni afya ya vijana wetu.