Mwaka 1961 Hatukuwa Sawa na Korea

Kuna sentensi imenichosha, na leo nagombana nayo hadharani. Nimeisikia tena juzi kwenye mahafali hapa Kolandoto. Mgeni rasmi alisimama chini ya turubai, akajifuta jasho, akasema eti mwaka 1961 sisi na Korea tulikuwa sawa; wenzetu wakafanya kazi, sisi tukalala. Makofi! Pembeni yangu alikaa mama yangu mdogo, ambaye kwa miaka kumi na moja aliponda mawe ya dhahabu kwa nyundo kwenye machimbo madogo ya Geita, kabla makarasha hayajafika kule. Naye akapiga makofi. Hapo ndipo nilipokasirika.

Sawa katika lipi? Mei 16, 1961 Jenerali Park Chung-hee na wenzake waliipindua serikali mjini Seoul. Desemba 9 sisi tukapandisha bendera. Kwa umaskini wa mfukoni, tuseme tulikaribiana. Lakini Korea ya Kusini ilikuwa imeshagawa ardhi: sheria ilipita 1949, utekelezaji ukaanza 1950, na mwenye mashamba akaachiwa hekta tatu hivi, basi. Shule za msingi zilikuwa zimejaa watoto tangu miaka ya hamsini. Misaada ya Marekani ilimiminika kwa sababu za Vita Baridi. Sisi Mwingereza alituachia madaktari na wahandisi wa kuhesabika. Mtu anayeruka yote hayo hafundishi historia, anatutukana tu kwa adabu.

Halafu hilo neno "wakafanya kazi". Nani alifanya? Kuanzia 1963 Korea ilipeleka vijana wake wakachimbe makaa ya mawe Ujerumani Magharibi, na wauguzi wakafuata njia hiyo hiyo, ili fedha za kigeni zirudi nyumbani. Kwenye Soko la Amani, Seoul, wasichana wadogo walishona nguo mchana na usiku katika vyumba visivyo na hewa. Fundi mmoja wa pale, Jeon Tae-il, alisoma sheria ya kazi, akagundua kumbe imeandikwa vizuri tangu 1953, ila hakuna anayeifuata. Akaandika barua, akalalamika, hakusikilizwa. Novemba 13, 1970 alijichoma moto. Alikuwa na miaka 22. Mgeni rasmi hakumtaja huyu. Angemtajaje mbele ya watu wanaotoka machimboni, ambao nao wanajua jinsi sheria inavyoweza kuwa nzuri kwenye karatasi?

Sisi wapenzi wa vitabu tuna lawama yetu humu, tusijifiche. Korea tunaijua kwa tamthilia. Nami nimekaa kwenye kibanda umiza nikimwangalia Jumong, na nilimpenda, sisemi uongo. Ila kati ya Jumong na simu ya Samsung kuna shimo la miaka elfu mbili ambalo hatujalichungulia. Na wanaolielezea vizuri, hasa kipande chake cha mwisho, ni waandishi wao. Mwaka 1978, Park akiwa bado madarakani, Cho Se-hui alichapisha hadithi zake kuhusu familia ya mtu wa kimo kifupi ambayo nyumba yake inabomolewa kupisha maendeleo. Kile kitabu kimeuzwa nakala zaidi ya milioni. Yaani Wakorea wenyewe wamekisoma na kukirudia, sisi ndio tunawasimulia nchi yao kana kwamba ni tangazo la saruji.

Nasikia mtu ananijibu: bila ubabe wa Park, viwanda vingetoka wapi? Viwanda sivikatai. Lakini ubabe ule ndio ulioleta na Gwangju, Mei 1980, wanajeshi walipowaua raia wa mji wao. Han Kang, aliyezaliwa mji huo huo, aliandika riwaya juu ya mauaji yale mwaka 2014. Miaka kumi baadaye akapewa Nobeli. Na usiku wa Desemba 3, 2024, rais wao alipotangaza utawala wa kijeshi, watu walitoka kitandani wakaenda kusimama bungeni, na wabunge wakaibatilisha amri ile ndani ya saa chache. Siwezi kuamini kwamba vitabu havikuchangia.

Kwetu Kezilahabi aliligusa jeraha la kuhamishwa vijijini katika Gamba la Nyoka, 1979. Baada ya hapo? Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, Kahama, mkoa wetu huu huu. Wananchi walidai kuna watu walifukiwa mashimoni. Serikali na wawekezaji walikanusha. Karibu miaka thelathini watu wanabishana kwa ripoti na barua za wanasheria. Riwaya ya Kiswahili kuhusu siku zile sijaiona. Ukiwa nayo, niazime, nitakuja kuichukua hata Maswa.

Nimeanza kumsomea mama mdogo riwaya ya Han Kang jioni, kutoka kwenye simu. Ipo kwa Kiingereza, naigeuza papo hapo, Kiswahili kikinigomea naingia Kisukuma. Tumefika pale kijana anapozitunza maiti ukumbini, ndugu wanaingia mmoja mmoja kutafuta wao. Mama mdogo alinyamaza muda, halafu akauliza: "Hao walipewa miili yao wakazike?"

Nikamwambia tuendelee kusoma.