Chumvi haiingii bila sukari

Mtoto akiharisha, wazazi wengi huuliza kwanza kama dripu ipo. Wakipewa pakiti ya ORS, ile tunayoiita chumvichumvi, huondoka bila kuridhika. Wengine humnywesha mtoto siku moja tu, na wakiona kuharisha hakujakoma, huiacha na kwenda duka la dawa kutafuta vidonge vya kufunga choo. Sisi tunasema kuwa pakiti hiyo inadharauliwa kwa sababu haieleweki, na dharau hiyo hugharimu maisha ya watoto.

Tuanze na utumbo. Seli za ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba zina milango midogo mno. Mmojawapo hupitisha vitu viwili kwa pamoja: sodiamu, iliyomo katika chumvi, na glukosi, ambayo ni sukari. Kimoja kikikosekana, kingine hakipiti hapo. Vikiingia vyote viwili, maji huvifuata. Mwanasayansi wa Marekani, Robert Crane, ndiye aliyeeleza jambo hilo mwaka 1960 katika mkutano mjini Prague.

Sasa, vijidudu vya kipindupindu hutoa sumu inayozilazimisha seli hizo kumwaga chumvi na maji. Mgonjwa huharisha maji matupu, na anaweza kufa kwa saa chache. Lakini sumu hiyo haiugusi ule mlango wa chumvi na sukari. Hata mtu akiharisha vibaya, mlango huo bado unafanya kazi. Hapo ndipo ilipo nguvu ya pakiti.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi waliugua kipindupindu kambini Bongaon, India. Dripu zilipokuwa zinakwisha, Dakta Dilip Mahalanabis aliwapa maji ya chumvi na glukosi wanywe. Vifo vilishuka kutoka wagonjwa 30 hivi katika kila 100 hadi chini ya 4.

Lakini ujuzi usiotumika hauokoi mtu. Julai 1994, kwa jirani zetu wa Goma, wakimbizi wa Rwanda karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara. Wataalamu waliochunguza baadaye walisema wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, na dawa ya kunywa haikutumiwa vya kutosha. Nasi tusijione tuko mbali: kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilifika hadi mkoa wetu wa Dodoma.

Basi wazazi, tukumbuke kwamba ORS haifungi choo. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi mwilini ili mtoto asikauke. Kuharisha kutakoma baadaye; cha muhimu ni mtoto awe hai siku hiyo. Tusipime dawa hii kwa kazi isiyo yake.

Pili, kipimo ndicho dawa. Soma pakiti: nyingi ni za lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Usipunguze maji wala kuongeza sukari, maana sukari ikizidi huvuta maji kuyaingiza utumboni na kuharisha huongezeka. Kwa sababu hiyo soda si badala yake. Kama pakiti hakuna, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita 1. Mchanganyiko ukipita saa 24, mwaga.

Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea. Anyonyeshwe na kulishwa kama kawaida, na vidonge vya zinki alivyoandikiwa avimalize.

Dripu ina mahali pake. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye macho yaliyozama au damu katika choo, apelekwe zahanati mara moja, na aendelee kunyweshwa njiani kama anaweza kumeza.

Tunashauri kila nyumba Ipagala iwe na pakiti mbili kabatini kabla mvua za Desemba hazijaanza. Nao wahudumu wa afya wasiitoe pakiti kimya kimya. Wamweleze mama kazi yake, naye ataitumia.