Vibao vya Bagamoyo na Karani wa Pangani

Mtu akifika Bagamoyo leo kwa nia ya kuujua mji, hataachwa apotee. Ataonyeshwa mnara wa kanisa la Misheni, misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, na ataambiwa kuwa humo ndimo ulimolazwa mwili wa David Livingstone mwezi Februari mwaka 1874, kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa kwao Uingereza. Ataonyeshwa Boma la Wajerumani, ataonyeshwa Ngome Kongwe. Huko Kaole, penye magofu ya misikiti na makaburi ya karne nyingi, ataelezwa kuwa Burton na Speke walianzia hapo safari yao ya kwenda maziwa makuu mwaka 1857. Yote hayo ni kweli, wala mimi sina ugomvi na ukweli. Nina ugomvi na mpangilio wake. Mji mzima umepangwa kwa kuwafuata wapitao: huyu alipita akiwa hai, yule akapitishwa akiwa maiti. Hata mnara wenyewe umeitwa kwa jina la aliyebebwa. Chuma na Susi na wenzao, waliomchukua miezi kadhaa kwa miguu kutoka Chitambo hadi pwani, hutajwa pale mwelezaji anapokuwa na nafasi.

Nilikuwa huko katika likizo iliyopita ya shule, pamoja na mke wangu, binti yetu na mumewe, na wajukuu wawili, mmoja wa miaka kumi na moja, mwingine wa minane. Yule mkubwa, baada ya kusikiliza kwa adabu majina manne ya Wazungu, aliuliza swali ambalo sijalisikia likiulizwa na mtu mzima: "Babu, na wa hapa aliyeandika kitabu ni nani?"

Jibu lipo, tena la kujivunia. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ndiye mkono mkuu katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichotoka Göttingen mwaka 1903 kikiwa na jina la Carl Velten juu yake. Humo mna uzazi, malezi, michezo ya watoto, jando, harusi na maziko, kwa Kiswahili cha Mrima kilichonyooka ambacho mwandishi wa leo angekitamani. Mtoro alifundisha Kiswahili Berlin, akaoa huko, na alipotaka kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya kikoloni haikukubali washuke pamoja katika ardhi aliyozaliwa. Alifariki Berlin mwaka 1927. Basi huyu ndiye mwana wa mji, mwandishi wa mji, aliyezuiwa kurudi mjini kwake; na katika vibao vyote nilivyovisoma kwa siku mbili, jina lake sikulikuta. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku kwetu mgeni amekuja, amekwenda zake, na mwenyeji angali anamsimulia.

Lakini Bagamoyo kwetu ilikuwa njia tu. Safari ilikuwa ya kumfuata Shaaban Robert, na hapo ndipo lilipo neno langu katika makala haya. Ninadai kuwa pwani hii imemheshimu Shaaban Robert kwa namna inayomwondoa machoni mwa watoto. Tumelipa jina lake barabara ya Dar es Salaam, tena ile inayopita penye Makumbusho ya Taifa. Tumelipa jina lake shule. Tumemwita shaha, tumemwita baba wa fasihi, tumemlinganisha na Shakespeare, na kila cheo tunachomwongezea kinampandisha ngazi moja zaidi, hata mtoto anayetazama kutoka chini haoni tena mtu, anaona wingu.

Mtu mwenyewe alikuwa nani? Alizaliwa tarehe 1 Januari mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926. Miaka minne! Kisha akawa karani wa forodha, na kazi ile ya forodha akaishika hadi mwaka 1944. Baadaye akatumikia idara ya wanyama, ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwisho ofisi ya upimaji ardhi. Hakuwa profesa, hakuwa na mfadhili. Aliandika usiku baada ya kutwa nzima ya kuandika hesabu za watu wengine. Barua alizompelekea nduguye Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, ambazo zilichapishwa mwaka 2002, zinamwonyesha mtu wa mshahara, mwenye jamaa, mwenye shida za dunia kama zako na zangu. Mimi niliyejifunza ushairi kwa vitabu vya kuazima na tafsiri kwa kamusi iliyopukutika majani, nikiyasoma haya hupata nguvu ambayo neno "shaha" halijanipa hata siku moja. Naamini mtoto wa mvuvi wa Kipumbwi angeipata vilevile, lau mtu angemwambia.

Basi tulitoka Bagamoyo kwa barabara ya Msata, tukaingia njia kuu ya kaskazini, tukapita Mkata na Kabuku hadi Segera, tukageuka kulia kwenda Muheza penye machungwa. Garini binti yangu alisoma *Adili na Nduguze* kwa sauti. Nakala ni yangu, ya zamani, jalada limeshonwa kwa uzi. Maana kabla ya safari tulikwenda duka moja la vitabu, nisilotaka kulitaja, tukaambiwa kitabu hakipo ila "mwongozo" upo. Yaani ndizi imekwisha, limebaki ganda. Nitaurudia mwongozo huo.

Ni kitabu chembamba, kilichotoka mwaka 1952. Mfalme Rai anaona kodi ya Janibu imechelewa, anamtuma Ikibali akaifuatilie, na Ikibali anamkuta liwali Adili akiwapiga manyani wawili usiku huku analia. Hapo mjukuu mdogo aliacha kula chungwa. Akataka kujua kwa nini anawapiga, kwa nini analia, na kwa nini hawaachi tu waende zao msituni. Maswali matatu hayo ndiyo kitabu kizima, na mtoto wa miaka minane aliyafikia kabla hatujafika Muheza, bila ya mwalimu.

Niruhusiwe hapa kuchepuka kidogo, kwa kuwa tafsiri ndiyo kazi yangu. Wenye kusoma *Alfu Lela Ulela* watatambua fremu: khalifa, kodi ya Basra iliyochelewa, liwali mwenye nduguze wawili waliogeuzwa wanyama. Huko wanyama ni mbwa. Shaaban Robert amewafanya manyani. Wako wataalamu wanaosema "ameiga" kwa sauti ya mtu aliyekamata mwizi. Jamani! Mbwa katika nyumba ya Mwislamu wa pwani ana hukumu zake, na kumlisha pamoja nawe mezani ni jambo la kumshughulisha msomaji kabla ya hadithi kumshughulisha. Ama nyani anajulikana na kila mwenye shamba la mahindi, ana uso wa kibinadamu, ana mikono, na kumpiga kunatia haya. Badiliko hilo moja ni la fundi. Kisha tazama mzaha wa historia: Richard Burton, ambaye Kaole inamkumbuka, mwaka 1857 alitembelea pia Tanga na Pangani, na miaka ishirini na minane baadaye akaanza kutoa tafsiri yake ya Kiingereza ya hiyo *Alfu Lela*. Wafasiri wawili wa hazina moja, katika pwani moja. Mmoja aliipeleka kwa wanachama waliolipia nakala zao huko London. Mwingine aliileta kwa watoto wa shule wa Tanga, Lamu na Unguja. Ni yupi tunamwonyesha mgeni?

Vibambani tulipita asubuhi: minazi, miembe, barabara ya kuelekea Pangani. Kijana mmoja wa bodaboda tuliyemuuliza njia alilijua jina mara moja. "Huyo wa mtihani," akasema. Sikumcheka. Alisema kweli, na aliyemfundisha kweli hiyo ni sisi.

Ule mwongozo nilioukuta dukani unamtaka mwanafunzi ataje dhamira, ataje migogoro, ataje falsafa ya mwandishi, na mwisho ataje "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi". Mtoto ambaye hajawahi kumwona Shaaban Robert akifaulu hata mara moja, kwa maana hajakisoma kitabu, anaambiwa akariri kutofaulu kwake kwa hoja nne. *Kusadikika*, iliyotoka mwaka 1951, ni kisa cha nchi inayoelea angani na cha Karama anayesimamishwa kizimbani kwa kosa la kutaka kufundisha sheria. Anajitetea kwa kusimulia wajumbe sita waliotumwa kutafuta heri ya nchi wakarudi kutiwa gerezani. Hebu fikiri: kitabu kinachomtetea mtu aliyetaka watu wajue kujitetea, tumekigeuza hoja za kukariri ili mtu apate alama. Waziri Majivuno asingeweza kupanga vizuri zaidi.

Pangani tulikaa mchana kutwa. Mji ule mwaka 1888 ndiko kulikowaka moto wa kuwakataa Wajerumani, na ndiko alikonyongwa Abushiri mwezi Desemba mwaka 1889. Hayo wajukuu waliambiwa, wakasikiliza. Lakini nilichotaka wakione ni mto unavyoingia baharini, pantoni inavyovuka kwenda Bweni, na nyumba kuukuu za ukingoni. Nikawaambia: mahali kama hapa palikuwa na karani kijana aliyehesabu marobota na magunia, akaandika nani kalipa ushuru na nani bado. Mkubwa akanyamaza, kisha akasema, "Ndiyo maana hadithi inaanza na kodi." Nimesoma makala mengi juu ya *Adili*, na sentensi hiyo sijaikuta ndani yake. Atakayesema kuwa kodi imo tayari katika *Alfu Lela* atakuwa amesema kweli; lakini katika bahari ile ya hadithi, karani wa forodha ndiye aliyechagua hiyo.

Rafiki yangu mmoja, mshairi ninayemheshimu, ananibishia. Anasema nyumba ya mshairi ni beti zake; kuzuru mitaa aliyokaa ni ada ya Kizungu, inayozaa sanamu, tikiti na vikombe vyenye picha. Hoja yake ina uzito na sitaipuuza. Odense, huko Denmark, walifungua makumbusho ya Hans Christian Andersen mwaka 1908, mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa Shaaban Robert, na bila shaka vikombe vinauzwa. Lakini rafiki yangu anasahau kwamba sisi ni watu wa kuzuru. Tunajua kumpeleka mtoto akaone alikolelewa bibi yake, mwembe uliopandwa na nani, kisima kilichochimbwa mwaka gani. Tunajua nasaba za watu tusiowapenda! Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, na Shaaban Robert akafuata nyayo hizo kwa kuwatungia wanawe tenzi mbili, *Utenzi wa Hati* na *Utenzi wa Adili*, alizozitia katika *Maisha Yangu*. Huyu alikuwa mwandishi wa watoto kabla hajawa wa mtihani. Alianza na wa nyumbani mwake. Kumpeleka mtoto Pangani ni kuendeleza mazungumzo ya mzazi na mtoto, na hilo halina tikiti.

Wala sitaki serikali inijengee sanamu. Nataka kitabu kiwe dukani kabla ya mwongozo wake. Nataka mwalimu wa Tanga, ambaye Pangani kwake ni mwendo wa kilomita hamsini hivi, aitumie Jumamosi moja. Nataka mwelezaji wa Bagamoyo, akimaliza na Livingstone, amtaje Mtoro kwa dakika tatu. Haya hayangoji bajeti ya mtu.

Na sisi wa visiwani tusijiweke kando tukitabasamu. Nimewasikia wenzetu, katika baraza zilezile zinazolisoma jarida hili, wakisema Shaaban Robert ni wa Mrima, na lugha yake ni ya Mrima, na ushairi una wenyewe. Mtu huyu wa Mrima ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka mwaka 1958, miaka minane baada ya Siti kufariki. Alimchukua mtoto wa Fumba, binti wa mfinyanzi, aliyeingia mjini akiuza vyungu, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake, akamweka kitabuni akiwa kielelezo, wakati watu wa mjini mwake walikuwa wangali wakibishana kama mwanamke wa aina ile ana haki ya kusifiwa. Sisi wenye lugha tulikuwa wapi? Leo jina la Fumba linatangazwa kwa nyumba mpya za kuuza, na nimewauliza vijana kumi na wawili wa darasa langu la ushairi la jioni ni nani amewahi kwenda huko kwa ajili ya Siti. Wawili walikuwa wamekwenda, kutazama nyumba. Kutoka Darajani hadi Fumba, kwa gari, ni chini ya saa moja.