Mti wa vifaa haujawahi kuwa wa maunzi peke yake

Kuna imani inayokaririwa kama kanuni ya dini na wanaoandika programu za bodi ndogo za kompyuta: mti wa vifaa (device tree) hueleza maunzi tu, mipangilio haina nafasi humo. Anayeleta badiliko lenye harufu ya mipangilio hurudishwa kwa sentensi hiyo moja. Ni imani nadhifu, ila mti wenyewe haujawahi kuitii.

Chanzo chake kinaeleweka. Bodi zenye vichakataji vya ARM zilikuwa zikielezwa kwa mafaili ya C ndani ya Linux, yakarundikana hadi mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akafoka hadharani. Maelezo yakahamishiwa kwenye mti ambao kiini cha Linux huusoma kinapowaka: chipu gani ipo, na kwenye anwani gani. Hapo hakuna ubishi.

Lakini fungua faili la .dts, ambamo mti huandikwa. Nodi ya chosen, iliyomo katika kanuni rasmi, haiwakilishi kifaa chochote. Hubeba bootargs, maagizo ya kuwashia kiini. Taa ya LED nayo hupewa linux,default-trigger yenye thamani "heartbeat". Fundi alilehemu taa, hakulehemu mapigo ya moyo. Na jina la Linux limo waziwazi!

Raspberry Pi 3 ndiyo inayoiumbua imani hii. Bodi hiyo ina UART mbili, yaani milango ya mawasiliano ya mfululizo: PL011 iliyo imara, na nyingine ndogo ambayo kasi yake huyumba saa ya VPU, kichakataji cha michoro, ikibadilika. Bodi ilipotoka mwaka 2016, PL011 ilikabidhiwa Bluetooth; pini za GPIO 14 na 15 zikaachiwa ile dhaifu. Anayetaka laini ya kuaminika kwa kipokezi chake cha GPS huandika dtoverlay=disable-bt, agizo la kubandika nyongeza juu ya mti, katika config.txt, kisha huwasha upya. Hakuna waya ulioguswa, ila pini zimebadili mwenye kuzitumia. Hayo ni maunzi au mipangilio?

Swali lenye manufaa ni nani anaamua. Mtengeneza chipu ana .dtsi yake, mtengeneza bodi ana .dts, na mtumiaji ana faili lake la nyongeza. Kiwango cha ujumbe wa kusaka hitilafu kibaki nje, sawa. Ila uamuzi kuhusu pini ukifukuzwa kwenye mti hauyeyuki: huenda kujificha katika skripti ya kuwashia, mahali ambapo dtbs_check, zana ya kukagua mti, haifiki.