Watumishi Wafunzwe Mbele Yetu

Ndugu wananchi wa Dodoma na nyanda zote za kati,

Mji wetu umejaaliwa neema ya vyuo. Chimwaga, ambako wajumbe wa Chama cha Mapinduzi walikutana mwaka 1995 kumteua Ndugu Benjamin Mkapa kuwa mgombea urais, na tena mwaka 2005 kumteua Ndugu Jakaya Kikwete, imekuwa tangu 2007 sehemu ya makao ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Hapa hapa mjini kipo Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, na Hombolo kipo Chuo cha Serikali za Mitaa, ilhali Mtumba zimesimama wizara zilizohamia kutoka Dar es Salaam kutimiza shauri lililokatwa mwaka 1973 la kuhamishia makao makuu Dodoma. Mtumishi wa umma anayetaka ilimu ya kazi yake hana udhuru wa umbali.

Na ilimu hiyo sasa inadaiwa kwa haraka. Mwezi Septemba 2015 mataifa wanachama wa Umoja wa Mataifa, Tanzania miongoni mwao, yaliridhia Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yenye shabaha 169, yatimizwe ifikapo 2030. Na serikali yetu imekwisha kutoa taarifa yake ya hiari mbele ya mataifa hayo mara mbili, 2019 na 2023. Muda uliobaki ni mfupi, na kazi ya kuyageuza maneno yale kuwa maji safi, zahanati yenye dawa, na udongo usiochukuliwa na mvua, aghalabu haimwangukii waziri, bali humwangukia mtendaji wa kijiji, afisa ugani, mganga wa zahanati na fundi wa maji. Hawa ndio wanaoitwa kumbini kwa mafunzo, wakapewa kabrasha, wakapigwa picha ya pamoja, kisha wakarejea vituoni mwao. Sisemi kwamba mafunzo hayo ni batili. Nasema yana upungufu mmoja mkubwa, ambao dawa yake imo mikononi mwetu sisi tusio watumishi: mtumishi hufundishwa habari zetu katika ghaibu yetu.

Yaliyotukia Kongwa yangali yanatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyobanwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilileta ujumbe wa wataalamu chini ya John Wakefield, mtu aliyepata kuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika. Ujumbe ule ukazunguka kwa majuma machache, ukaitazama sehemu kubwa ya ardhi kutoka angani, kisha ukapendekeza karanga zilimwe katika ekari zaidi ya milioni 3 za Tanganyika na nchi jirani. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947 kwa matrekta mengi. Mizizi ya vichaka ikavunja majembe ya chuma. Udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu hata karanga zikakataa kung'oka. Mvua ikaja haba, kama ilivyo desturi yake katika nchi hii. Na Januari 1951 mpango ukaachwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimekwisha kupotea. Wale hawakuwa wajinga, maana walikuwa na shahada, vipimo na ramani. Lakini katika siku zile zile walikuwako Ugogo wazee waliookoka njaa ya Mtunya, iliyofuata baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua chakula, ng'ombe na wapagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, na yeyote kati yao, lau angaliulizwa, angaliweza kueleza kwa nini Mgogo hategemei zao moja wala haachi mifugo kwa ajili ya shamba.

Kondoa ilitoa somo la namna nyingine, nalo ni gumu zaidi kulihukumu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuliozoea kuuita HADO, ulianza mwaka 1973. Na mwaka 1979, makorongo yalipokuwa yamekwisha kuila nchi, mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Majani yaliota, miti ikarudi, na baadaye ng'ombe wa kulishwa zizini wakaruhusiwa. Ni fahari ya kweli. Hata hivyo mifugo iliyoondolewa haikufutika duniani: mingi ilihamia tambarare za jirani, ikapeleka huko mzigo ule ule. Afisa anayehitimu pasipo kuisikia habari hiyo kwa vinywa vya waliohamisha ng'ombe wao anajua nusu tu ya lengo la 15, lile la kuhifadhi ardhi na uhai ulio juu yake, nayo ni ile nusu inayopendeza.

Basi nawaita, ndugu zangu, tulitumie jambo ambalo sheria imetupa tangu 1982, nasi tumelidharau. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18 ni mjumbe wake, ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na wapasa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Tuseme kweli: wengi wetu hatuendi, ila uvumi ukienea kwamba kuna mahindi ya msaada. Twendeni, tukapitishe azimio kwamba mafunzo yoyote ya malengo haya wanayopewa watumishi wa kata zetu yawe na siku zake kijijini, na sisi tuwe miongoni mwa wakufunzi. Mama anayefukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji mwezi Oktoba amweleze fundi wa maji saa anazopoteza. Mkulima wa kisiki hai, aliyeacha machipukizi ya mti yakue shambani badala ya kuyafyeka, amwonyeshe afisa ugani namna ya kuchagua chipukizi la kubaki. Wastaafu wa HADO, ambao baadhi yao wangali hai na kumbukumbu zao ni hazina isiyo na mlinzi, waalikwe Chimwaga na Hombolo wakafundishe, na wanafunzi wapelekwe Kongwa wakaushike ule udongo kwa mikono.

Hapa nasaha yangu itawauma wengine: tusidai posho kwa siku hizo. Tukidai, somo litafungwa siku ile fungu litakapokwisha. Na mtumishi naye, akirudi kutoka semina yoyote, asimame mbele ya mkutano aseme kwa Kiswahili cha kueleweka alichojifunza na atakachokibadili katika kazi yake. Tumsikilize kwa adabu, bighairi ya kejeli, kwa kuwa mtu aliyedhihakiwa mara moja hasemi ukweli mara ya pili.

Bajeti za halmashauri hutungwa miezi mingi kabla ya Julai Mosi, kwa hiyo azimio litakalopitishwa mara baada ya mavuno lina wasaa wa kuingia katika bajeti ya mwaka utakaofuata. Mwenye kalamu aandike muhtasari, mwenyekiti atie saini, nakala moja ibaki katika ofisi ya kijiji na ya pili akabidhiwe diwani mkononi, naye aulizwe katika mkutano wa robo ijayo ameifikisha wapi.