Daftari Lao Nimelisoma, Letu Liko Wapi?

Makamanda, juzi usiku nilitakiwa kusoma sheria ya mikataba, nikajikuta nasoma ripoti za Meta. Siyo posti za Facebook. Ni ripoti za kulobi, yaani pesa ambazo kampuni inatumia kuishawishi serikali ya shirikisho ya Marekani. Mwaka 2024 peke yake ni zaidi ya dola milioni 24.

Nimezipataje nikiwa hosteli hapa Dar? Sheria yao ya mwaka 1995 inalazimisha. Kila miezi 3 wanaolobi wanajaza fomu: wamelobi nini, Bunge au idara gani, kwa pesa kiasi gani. Fomu zinawekwa mtandaoni, na hata mimi mtoto wa Mbagala nazifungua bure.

Msinielewe vibaya, sisemi Marekani ni peponi. Januari 20, 2025 Trump anaapishwa, Zuckerberg, Bezos na Pichai wamekaa mbele ya mawaziri wateule. Tena fomu yenyewe haimtaji ofisa uliyekutana naye. Ina matundu.

Lakini mwanga mdogo si sawa na giza. Mwaka huohuo kampuni kubwa zilishinikiza majimbo yazuiwe kwa miaka 10 kusimamia akili mnemba. Kipengele kikapita Baraza la Wawakilishi. Wanasheria wakuu 40 wa majimbo, kutoka vyama vyote viwili, walikuwa wameandika barua kupinga, na makundi ya wazazi nayo yakapaza sauti. Julai 1 Seneti ikakifuta kwa kura 99 kwa 1. Pesa ilishindwa, kwa sababu watu waliona mapema kinachopikwa.

Sisi inatuhusu nini? Kanada ilikuwa na kodi ya asilimia 3 kwa kampuni kubwa za kidijitali. Juni 27, 2025 Trump akavunja mazungumzo ya biashara, na siku 2 baadaye Kanada ikatangaza kuifuta. Kanada hiyo, tajiri! Sisi tuna yetu ya asilimia 2 tangu 2022. Siku wakibisha hodi Dodoma, watapokelewa na nani? Wataahidi nini? Hatuna sheria inayomlazimisha mshawishi kujiandikisha. Wao wakipunguziwa, pengo litazibwa na nani kama si wewe unayeuza viatu Instagram?

Najua kuna wenzetu watasema kulobi ni rushwa, ipigwe marufuku. Sikubaliani. Bodaboda wakimfuata mbunge kulalamikia faini, nao wanalobi, na ni haki yao. Tofauti ni kwamba bodaboda wanaonekana, wenye suti hawaonekani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, ilani yetu ijayo iahidi sheria ya daftari la washawishi: liwe mtandaoni, kwa Kiswahili, na limtaje hadi kiongozi aliyekutana nao. Pili, tuanze nyumbani. Chama chetu kitangaze kila kampuni inayokutana na viongozi wetu na walichoongea. Najua hili la pili litawaudhi wakubwa. Sawa, waudhike. Hatuwezi kudai mlango wa Ikulu uwe wazi wakati wa kwetu tumeufunga kwa komeo.

Aluta continua.